Wiki Tatu na Kaseti ya Pink Floyd: Uzoefu Wangu wa Kuanza Kusikiliza Roki Ngamiani

Ninaandika haya kuhusu albamu moja, Wish You Were Here ya bendi ya Uingereza iitwayo Pink Floyd, iliyotoka Septemba 1975. Ninamwandikia msikilizaji aliyekulia kwenye taarabu na muziki wa dansi kama mimi, ambaye hajawahi kuigusa roki kwa sababu anaamini kwamba ni kelele tupu. Nami niliamini hivyo hadi mwaka huu.

Mimi ni fundi redio hapa Ngamiani, Tanga. Mama mmoja wa Chumbageni aliniletea redio kaseti ya spika mbili iliyoachwa na marehemu kaka yake, aliyekuwa baharia, akaniambia kwamba inavuta sauti. Kaseti ya albamu hiyo ilikuwa bado imo ndani, imesimama katikati ya upande wa kwanza. Niliirudisha mwanzo ili nisikie ugonjwa wenyewe wa redio, nikabonyeza kitufe, nikasubiri.

Utepe wa kaseti unatakiwa kupita mbele ya kichwa, yaani kile kipande kinachosoma sauti, kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde, na mkanda wa mpira unaoizungusha ukilegea, mwendo huo hupanda na kushuka, nayo sauti huyumba. Kwenye wimbo wenye ngoma nyingi mtu wa kawaida anaweza asilitambue tatizo hilo, lakini kwenye sauti ndefu isiyo na mapigo halijifichi. Albamu hii inaanza kwa sauti za aina hiyo hasa: vinanda vinavyovutwa taratibu, na chini yake mlio mwembamba ambao baadaye nilisoma kwamba ulitokana na bilauri zilizotiwa maji na kusuguliwa ukingoni kwa kidole. Kwa fundi, kipimo bora kuliko hicho hakipo. Nilibadilisha mkanda, nikasafisha kichwa kwa spiriti, nikarekebisha mota, na kila hatua nilikuwa nikirudi mwanzo wa kaseti kusikiliza kama yumba limekwisha. Nadhani nilizisikia dakika nne za mwanzo mara kumi na tano kabla sijazisikia kama muziki.

Kilichonigeuza ni noti nne za gitaa. Zinakuja baada ya vinanda kutulia, zinapigwa moja moja na kuachwa zilie mpaka zikaribie kufa, kisha zinarudiwa, na mara ya kwanza kabisa hazifuatwi na kitu chochote. Anayezipiga ni David Gilmour. Mtu aliyezoea solo la muziki wa dansi, lile linaloongea bila kupumua kuanzia mwanzo wa wimbo hadi mwisho, atashangaa jinsi mpigaji huyu anavyoweza kunyamaza. Niliweka bisibisi chini.

Wimbo huo, Shine On You Crazy Diamond, una sehemu tisa. Tano za kwanza zinafungua albamu na nne zinaifunga, na sauti ya mwimbaji haisikiki mpaka zipite zaidi ya dakika nane. Wengi wanaoanza kusikiliza bendi hii hukatia tamaa hapo, na ninawaelewa. Ila mtu wa pwani anayo maandalizi ambayo huenda hajui kwamba anayo. Tumelelewa na taarabu ya Unguja inayotangulizwa na bashrafu, ambapo vyombo vinaongea peke yao kwa muda mrefu kabla mwimbaji hajasimama, na hakuna anayenung'unika, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba vyombo vinamwandalia mwimbaji mahali pa kusimama. Hapa kwetu Tanga, Black Star Musical Club waliingiza magitaa ya umeme kwenye taarabu, kwa hiyo hata gitaa kushika nafasi ya kuhuzunika si jambo geni masikioni mwetu. Nilipoacha kuusubiri wimbo uanze na kuukubali kama bashrafu, dakika nane zilipungua zenyewe. Sauti ya Roger Waters, mpiga besi wa bendi, ilipoingia, ilikuta mahali pamekwisha kuandaliwa.

Kiingereza changu ni cha kusoma polepole, na maneno ya wimbo niliyapata kwa kuyafuata moja moja. Yanamhusu Syd Barrett, mwenzao aliyekuwa mwimbaji, mpiga gitaa na mtunzi wao mkuu bendi ilipoanza London mwaka 1965. Yeye ndiye aliyewapa jina, kwa kuunganisha majina ya wanamuziki wawili wa blues wa Marekani, Pink Anderson na Floyd Council. Akili yake ilianza kuvurugika, na mwaka 1968 alikuwa ametoka kwenye bendi huku Gilmour akiwa ameshaingia. Wenzake wakaendelea, na mwaka 1973 albamu yao The Dark Side of the Moon ikawapa mafanikio ambayo bendi chache duniani zimewahi kuyapata. Walipoingia tena studio za Abbey Road walikuwa matajiri na wamechoka, na zile noti nne za Gilmour ndizo zilizomkumbusha Waters rafiki aliyepotea.

Tarehe 5 Juni 1975, wakiwa studioni wanaushughulikia wimbo huohuo, aliingia mtu mnene aliyenyoa nywele na hata nyusi. Ulipita muda kabla hawajatambua kwamba ni Barrett. Nilipolisoma jambo hilo nililazimika kusimama na kutoka nje ya duka kidogo. Barrett alifariki mwaka 2006.

Sasa nije kwenye kipande ninachokipenda kuliko vyote, ambacho fundi redio ana haki ya kukizungumzia kwa kirefu. Ni mwanzo wa wimbo wenye jina la albamu. Unasikia mtu anazungusha kitufe cha redio: mkwaruzo, sauti za watu wakiongea, mkwaruzo tena, vipande vya muziki wa okestra, halafu kitufe kinatulia kwenye stesheni inayopiga gitaa. Sauti hizo zilirekodiwa kutoka redio ya gari la Gilmour. Gitaa linalofuata ni la nyuzi kumi na mbili, lakini limefanywa makusudi lisikike kama limo ndani ya redio: besi yote imeondolewa, na ncha kali za juu zimeondolewa pia, imebaki ile katikati nyembamba tunayoipata kwenye mawimbi ya kati kupitia spika ndogo. Kisha gitaa la pili linaingia, na hilo halijaondolewa kitu. Linasikika karibu, pana, lina mbao na lina vidole. Mtu anakohoa, anavuta pumzi, anaanza kupiga pamoja na lile la redioni.

Mara ya kwanza nilidhani kwamba redio ya mama imeshika stesheni yenyewe, nikaangalia swichi. Baada ya kuhakikisha kwamba iko kwenye kaseti nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena, na hapo nikaelewa kilichofanyika: mtu yuko chumbani peke yake, redio inapiga, naye anachukua gitaa lake ili aongozane na aliyeko mbali, ambaye hawezi kumsikia. Mambo yote ambayo wimbo unakuja kuyasema kwa maneno yamekwisha kusemwa na tofauti ya sauti mbili za gitaa. Utotoni, baba alikuwa akizungusha kitufe usiku kutafuta Mombasa au Zanzibar, na mkwaruzo ule wa katikati ya stesheni ninaufahamu kama ninavyoifahamu sauti ya mlango wa nyumba yetu. Sikutegemea kuukuta ndani ya muziki wa Waingereza, umewekwa mahali pake kwa upendo kiasi hicho.

Kuhusu nyimbo mbili zilizobaki nitakuwa mfupi. Welcome to the Machine imejengwa juu ya mngurumo wa mtambo usiokoma, na ilinichukua siku nyingi kuizoea. Sasa ninaiheshimu, ingawa siichagui. Have a Cigar inawasema wakubwa wa biashara ya muziki, na aliyeimba si mwanabendi bali ni Roy Harper, mgeni aliyekuwa akirekodi kazi zake katika studio hizohizo. Besi yake ni nzuri sana. Wimbo wenyewe ninauona kama chumba cha kupitia kuelekea kwenye ile redio.

Nilitaka nakala yangu, kwa kuwa kaseti ilikuwa ya mama na ingerudi kwa mwenyewe, na hapa ndipo nilipopata hasara ambayo ningependa wengine waiepuke. Nilikwenda kwenye kibanda kimoja cha kuingiza nyimbo mjini, nikaomba albamu nzima kwenye flashi. Niliyoipata ilikuwa imepangwa kwa alfabeti, hivyo ilianza na Have a Cigar; wimbo mkubwa wa kwanza ulikuwa umefupishwa, noti nne zimekatwa pamoja na vinanda vyote vinavyozitangulia; na ile redio ya mwanzoni mwa wimbo wa nne haikuwepo kabisa, gitaa lilianza ghafla kama mtu anayeingia chumbani bila kubisha hodi. Mtu anayekutana na bendi hii kwa mara ya kwanza kupitia flashi ile angeamua kwamba haina maana, na asingekuwa na kosa. Ninampa muuzaji haki yake kwamba hakujua. Hata hivyo albamu hii ni kitu kimoja kilichopangwa, nyimbo zake zinashikana mikono bila kimya katikati, na kuivuruga ni sawa na kuchukua utenzi na kuchanganya beti.

Kwa hiyo niliingia kwenye programu ya muziki ya kulipia kwa mwezi. Kwa anayetaka kufuata njia hiyo, albamu nzima ni dakika 44 hivi, na kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde itakula takriban megabaiti 105 za bando, kwa hiyo ni busara kuipakua mara moja na kuihifadhi kwenye simu badala ya kuisikiliza moja kwa moja kila siku. Zima kitufe cha kuchanganya nyimbo. Zima pia mpangilio unaoacha kimya kati ya wimbo na wimbo, kama simu yako inao. Usiitumie spika ya simu. Besi ya Waters na ngoma za Nick Mason zitatoweka, na lile gitaa la pili litasikika jembamba sawa na la kwanza, yaani hadithi nzima itakuwa imepotea. Spika yoyote yenye koni ya inchi nne au zaidi inatosha, au hedifoni zinazofunika sikio.

Je, nakala ya simu inaishinda kaseti? Kwa usafi wa sauti, ndiyo, bila ubishi. Kaseti ya zamani ina mvumo wake wa chini, na sehemu za taratibu zinaogelea ndani ya mvumo huo. Lakini kaseti ilinilazimisha kuisikiliza kwa mpangilio, ikanilazimisha kuinuka na kuigeuza baada ya Welcome to the Machine, na pale pa kugeuza ndipo wenyewe walipopakusudia, kwa sababu santuri nayo ina pande mbili. Kwenye simu nimejifunza kusimama kidogo hapohapo.

Baada ya wiki mbili nilirudi nyuma kutafuta nyimbo za huyo Barrett, nikaupata wimbo wa mwaka 1967, See Emily Play, alioutunga yeye. Ni mfupi, wa furaha, una kinanda kinachorukaruka, na nisingeamini kwamba ni bendi ileile. Niliusikiliza mara tatu nne nikiwa ninachomelea waya, muziki wake ukanikaa kichwani. Usiku huo nilivaa hedifoni nikasikiliza Wish You Were Here mpaka mwisho. Sehemu ya tisa ni ya Richard Wright, mpiga vinanda. Inakwenda polepole kama mazishi, kisha inaanza kufifia. Ikiwa imebaki kidogo sana iishe, kinanda chake kinapiga noti chache za See Emily Play, na zinapotea pamoja na albamu.

Niliiweka kaseti kuhakikisha. Sauti hiyo imo, ila mvumo wa kaseti umeifunika kiasi kwamba asiyejua hawezi kuisikia, na kwa miaka yote hiyo huenda marehemu mwenyewe hakuisikia.

Mama alikuja kuchukua redio yake siku ya Jumamosi. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nilimwonyesha kwamba mwendo umenyooka, haiyumbi tena. Kisha nikamwomba akae, nikamchezea ule wimbo wa zamani kwenye simu, nikamvalisha hedifoni, nikamwekea dakika ya mwisho ya albamu ya kaka yake. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Ilipokwisha hakuzivua.

"Rudisha kidogo, mwanangu," akasema.