Programu ya kurekodi inayokuja na kadi ya sauti: uzoefu wangu

Natumia Cubase LE, programu ya kurekodi kwenye kompyuta inayotolewa bure na kadi za sauti (vifaa vya kuunganisha maiki na kompyuta) na rekoda za makampuni mbalimbali, kurekodi udi, dumbaki na waimbaji hapa Lamu. Kwa maoni yangu inafaa kujifunza, na hasa kwa taarabu, mradi uizoeshe kazi zetu badala ya kuiacha ikuzoeshe zake.

Anza na gridi, ile mistari ya mapigo kwenye skrini. Programu hizi huchukulia kwamba mdundo haubadiliki mwanzo hadi mwisho, na mpiga dumbaki anayemfuata mwimbaji huharakisha na kulegeza apendavyo. Bonyeza C kuzima metronomu, kisha J kuzima Snap, inayonasisha mikato kwenye mistari hiyo. Ukiiacha Snap, kila ukatapo sauti mkato unarukia mstari wa karibu na mwanzo wa neno unaliwa.

Plagini (programu ndogo za nyongeza) za kunyoosha sauti nazo usiziguse kwa nyimbo za maqam, yaani mizani ya sauti ya Kiarabu. Katika rast, mojawapo ya maqam hizo, sauti ya tatu hukaa kati ya noti mbili za kinanda. Plagini nyingi kwa kawaida hufuata noti 12 tu, basi huivuta juu au chini, na rast inakufa hapo hapo. Mwimbaji akikosea, rekodi upya ule mstari.

Kinachowashinda wengi zaidi ni ucheleweshaji, yaani sauti kuchelewa kukufikia masikioni unaporekodi. Kwenye Windows weka kwanza draiva ya ASIO (programu inayopitisha sauti haraka kati ya kadi na kompyuta) ya kadi yenyewe, ndipo uchomeke kadi, na ndani ya programu uichague hiyo, si ile ya jumla. Bafa (kiasi cha sampuli za sauti ambacho kompyuta huchakata kwa mkupuo) iwe 128 wakati wa kurekodi, ambayo kwa 44.1 kHz ni kama milisekunde 3 kila upande. Ukifika kwenye miksi ipandishe hadi 1024, la sivyo laptopu dhaifu itaanza kukwaruza. Ukijisikia mara mbili, umewasha usikilizaji wa moja kwa moja kwenye kadi na pia kwenye traki (mstari wa sauti moja ndani ya programu): zima ule wa traki. Hedfoni za bluetooth weka kando kabisa, huchelewa mno.

Rekodi kwa biti 24, kilele cha sauti kikicheza kati ya -18 na -12 dB kwenye mita ya programu. Traki moja ya mono hula takriban MB 8 kwa dakika, kwa hiyo wimbo wa dakika 10 wenye traki nane ni kama MB 635. Kwenye vyumba vya mawe, virefu na vyembamba kwa sababu ya kipimo cha boriti, mwangwi huingia kwenye maiki na hakuna plagini ya bure itakayoutoa. Tandika magodoro ukutani nyuma ya mwimbaji. (Punda wa uchochoroni ni wa kumvumilia tu.)

Idadi ya traki ina kikomo, hutegemea programu na toleo. Pro Tools Intro, programu nyingine ya bure, kwa mfano, inakupa 8 za sauti: mwimbaji, waitikiaji wawili, udi, dumbaki kwa maiki mbili, rika (tari dogo lenye vibati), matari, zimekwisha, na fidla haijaingia. Hifadhi mradi kwa jina jingine, changanya ngoma zote kuwa faili moja ya stereo ya WAV, irudishe, futa zile za awali. Sikiliza uwiano wa rika vizuri kabla, maana ukishachanganya huwezi kuipunguza peke yake.

Wa bando dogo asipakue maktaba ya sauti za vyombo. Kwa kurekodi vyombo halisi haihitajiki. REAPER, programu nyingine ya kurekodi, ni nyepesi zaidi kupakua, ina siku 60 za majaribio na leseni ya punguzo ni dola 60, bila kikomo cha traki, ila mgeni huchanganyikiwa na menyu zake. Miradi ya LE hufunguka kwenye Cubase kubwa, kwa hiyo ulichojifunza hakipotei. Ukipeleka kazi studio ya Mombasa wanakotumia programu nyingine, toa kila traki kama WAV, zote zianzie sekunde 0, hata ile ya fidla inayoingia dakika ya tatu.