Biodizeli kwa Gari-Nyumba la Dizeli: Mchanganyiko wa Kununua na wa Kuuacha Kituoni

Dereva wa lori anayejaza tangi asubuhi katika jimbo la Iowa huwa ameyachoma mafuta yote kabla ya kesho kutwa. Mwenye gari-nyumba, yaani lile gari kubwa lenye vitanda, jiko na choo ndani yake ambalo familia nyingi za Marekani husafiria wakati wa likizo, huweza kujaza galoni 100 mwezi Septemba na asiliwashe gari lake mpaka Aprili. Wanunuzi wengi wa biodizeli huanza kwa kuuliza injini yao inaruhusu nini. Swali hilo ni la lazima, ila mimi naliweka la pili, kwa kuwa injini nyingi za magari haya hustahimili mafuta ambayo tangi lililolala miezi sita haliyastahimili. Kwa sababu hiyo nimezipanga aina zinazouzwa Marekani kwa kutazama kwanza muda ambao mafuta yatakaa bila kutumika.

Nafasi ya kwanza naipa dizeli jadidifu (kwa Kiingereza renewable diesel), ambayo kusema kweli si biodizeli ingawa malighafi zao ni zilezile: mafuta ya soya, mafuta ya kupikia yaliyokwisha kutumika na mafuta ya wanyama. Biodizeli hutengenezwa kwa kuyachanganya mafuta hayo na methanoli, na zao lake hubaki na oksijeni ndani yake. Dizeli jadidifu husafishwa kwa haidrojeni mpaka oksijeni yote itoke, kinachobaki kikawa ni aina ileile ya kemikali iliyomo katika dizeli ya kawaida itokanayo na mafuta ghafi. Ndiyo maana hutimiza kiwango cha D975 cha shirika la viwango la ASTM, kile kile cha dizeli ya kawaida, na haivuti maji wala haichachi upesi tangini. Namba yake ya setani, yaani kipimo cha wepesi wa mafuta kuwaka injinini, hufikia 70 na zaidi, wakati dizeli ya kawaida ya Marekani hutakiwa kufikia angalau 40, kwa hiyo injini huwaka kwa wepesi na kwa moshi mchache. Kasoro yake ni upatikanaji, kwani sehemu kubwa huuzwa California, Oregon na Washington, majimbo yenye sheria za kupunguza kaboni katika mafuta. Pampuni huandikwa R99, yaani asilimia 99 ni dizeli jadidifu. Ile asilimia 1 inayokosekana ni alama ya sheria ya kodi, kwa kuwa nafuu ya kodi ya dola 1 kwa galoni, iliyokoma mwishoni mwa 2024, ilidai kwamba mafuta yachanganywe japo kidogo na dizeli ya kawaida. Ukikuta R80B20, jua kwamba asilimia 20 ni biodizeli halisi, na masharti ya B20 nitakayoyaeleza hapa chini yanakuhusu.

Nafasi ya pili ni B5, yenye biodizeli isiyozidi asilimia 5. Hapa hakuna mengi ya kusema, maana kiwango cha D975 kinaruhusu kiasi hicho bila kibandiko chochote, na huenda umeitumia miaka mingi bila kujua. Mwenye gari-nyumba lililojengwa juu ya Mercedes-Benz Sprinter afahamu kwamba kwa miaka mingi kampuni hiyo iliweka B5 kuwa mwisho wa ruhusa yake Marekani. Injini ndogo nyingi zenye chujio la masizi hunyunyiza dizeli ya ziada ndani ya silinda ili kuyachoma masizi hayo, na kwa kuwa biodizeli huchelewa kugeuka mvuke, sehemu yake huteremka ukutani mwa silinda na kuifanya oili ya injini iwe nyepesi. Asome kitabu cha gari lake kabla ya kuvuka hapo.

B20 naiweka ya tatu, lakini ni ya tatu yenye heshima. Injini nyingi za kampuni ya Cummins zilizofungwa katika magari-nyumba makubwa zimeidhinishwa kwa B20 inayotimiza kiwango cha ASTM D7467. Upungufu wake wa nishati ni mdogo, kati ya asilimia 1 na 2, na hulainisha pampu inayosukuma mafuta injinini vizuri kuliko dizeli iliyopunguzwa salfa. Huko Minnesota sheria imefanya B20 kuwa dizeli ya kawaida ya miezi ya joto tangu 2018, kisha majira ya baridi hurudishwa B5. Jimbo hilo lilijifunza kwa gharama: sharti lake la kwanza, la B2, lilianza Septemba 2005, na kabla mwaka haujaisha lilisitishwa kwa muda kwa sababu filta za malori zilikuwa zikiziba kutokana na mafuta yasiyofikia viwango. Muulize muuzaji kama mafuta yake yanatoka kwa mzalishaji mwenye cheti cha BQ-9000, yaani cheti cha ubora wa biodizeli.

Hata B20 safi itaziba filta ya gari kuukuu mara ya kwanza, kwa sababu biodizeli ni kiyeyusho na huyang'oa matope yaliyoganda tangini kwa miaka. Nunua filta mbili za akiba kabla ya kununua galoni ya kwanza, ubadilishe baada ya tangi moja au mawili, na umwage maji ya kwenye kitenganishi kila mara. Mabomba ya mpira ya magari ya kabla ya miaka ya 1990 huvimba na kuvuja. Jenereta na hita ya dizeli navyo hunywa kutoka tangi lilelile kuu, na ruhusa ya Cummins kwa injini haivihusu, hivyo vitabu vyake visomwe pia. Usiiache B20 ikae zaidi ya miezi 6. Itumie mpaka ipungue, kisha jaza dizeli ya kawaida kabla ya kuliegesha gari.

Nafasi ya nne ni pampu yenye kibandiko cha samawati kinachosema tu kwamba biodizeli ni kati ya asilimia 5 na 20, kama vilivyo vituo vingi vya malori kando ya barabara kuu. Sheria inaruhusu maandishi hayo, nawe huwezi kujua kama umepata 6 au 20. Kwa safari ya kiangazi inatosha. Kwa kuelekea Montana mwezi Novemba, ipite. Biodizeli ya soya huanza kuwa na ukungu wa nta karibu na nyuzi 0 za Selsiasi, na ya mafuta ya wanyama hata juu ya nyuzi 10.

B100, yaani biodizeli tupu, na mafuta ya mgahawani yaliyochujwa nyumbani siyapi nafasi. Ni kweli kwamba katika maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini ya Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga, lakini injini ile haikuwa na nozeli zenye matundu membamba mno kama za leo.