OCRmyPDF na mwongozo wa CDS/ISIS: uzoefu wangu

Wakutubi wa rika langu hawahitaji kuelezwa CDS/ISIS ni nini. Kwa vijana: ni programu ya kanzidata iliyotolewa na UNESCO, ikagawiwa bure, na kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba katalogi za maktaba nyingi za nchi zetu. Mwongozo wa toleo la 2.3 ni wa mwaka 1989. Sisi tunao kwa fotokopi iliyochoka, na waliotutangulia wameandika pembezoni kwa penseli, kwa Kiswahili, jinsi walivyogawa nyuga za katalogi yetu, yaani sehemu za rekodi kama waandishi. Mwongozo wenyewe huenda ukaupata kwingine. Hiyo penseli huipati popote, na bila hiyo kuhamisha rekodi kwenda Koha, programu ya maktaba ya siku hizi, ni kubahatisha.

Kazi ya kuskani tuliipeleka kwanza kwenye duka la stesheneri. Wakaskani kwa nyeusi na nyeupe tupu ili faili liwe dogo. Herufi za chapa zilitoka safi, penseli ikapotea yote. Tukarudia wenyewe kwa rangi ya kijivu, dpi 400, na hapo ndipo OCRmyPDF ilipoingia.

Kazi yake ni moja: inachukua PDF ya picha na kuweka maandishi yanayotafutika nyuma ya kila ukurasa, bila kuiondoa picha. Kinachosoma herufi ni Tesseract, iliyoanzia Hewlett-Packard miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. OCRmyPDF haina vitufe vya kubofya, unaandika amri:

ocrmypdf --deskew --rotate-pages --sidecar maandishi.txt skani.pdf mwongozo.pdf

Kurasa zilizopinda zikanyooka, zilizolala zikasimama, na faili likatoka kama PDF/A, aina inayokusudiwa kuhifadhiwa muda mrefu. Yote hayo bila intaneti, jambo ambalo mtu anayenunua bando kwa fedha yake atalielewa. Kwenye Ubuntu kuiweka ni mstari mmoja tu. Kwenye Windows jipange, maana Tesseract unaiweka kando.

Kwa maelezo ya kawaida ya Kiingereza sina neno. Natafuta "inverted file" na napelekwa palepale.

Kwenye mistari ya msimbo, weka macho. CDS/ISIS ina lugha yake ya kupanga maonyesho, na mstari kama mhl,v24^a una maana kila herufi. Programu za kutambua maandishi hutegemea sana maneno zinayoyajua, na mhl si neno la lugha yoyote. Ikawa mh1, mwishoni tarakimu 1 badala ya herufi l. Kile kikofia cha ^ kinachotenganisha sehemu ndogo za uga mara kinakuwa nyota, mara hakionekani kabisa. Majina ya mafaili ya faharasa, .N01 na .L01, yakageuka .NO1 na .LO1, sifuri imekuwa herufi O. Kwa macho huoni tofauti. Kwa kompyuta ni faili lisilokuwepo.

Siwezi kuilaumu programu kwa hilo, fotokopi yetu nayo ina madoa yake. Ila nashangaa watu wanaoskani miongozo ya zamani, wakichukua maandishi na kufuta picha. Kwa riwaya sawa. Kwa mwongozo wa programu, picha ndiyo hati yenyewe, maandishi ni faharasa tu ya kukufikisha kwenye ukurasa. OCRmyPDF inakuachia vyote viwili, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuipenda kuliko huduma nyingine zinazokupa faili la Word lililovurugika majedwali.

Angalizo jingine: ukitaka kusafisha madoa, kuna --clean na --clean-final. Ya kwanza inasafisha kwa ajili ya kusomea herufi tu. Ya pili inabadilisha na picha utakayobaki nayo. Kwetu ya pili tuliipiga marufuku, kwa sababu mashine haijui doa ni lipi na penseli ni ipi.

Mwandiko wa mkono OCRmyPDF haiusomi, na haidai kuusoma. Maelezo ya pembezoni tunayachapa wenyewe kwenye jedwali: namba ya ukurasa, namba ya uga, walichoandika. Jana tumefika uga wa 70, waandishi, ambapo mtu ameandika: "jina la baba kwanza, isipokuwa Waarabu, muulize Mzee."