TAHADHARI: Beji za kifaru "za Burma" zinazouzwa kwenye magrupu ya vitu vya kale

Ndugu zangu, kuna jamaa anazunguka kwenye magrupu akiuza beji za kitambaa zenye kichwa cha kifaru (mnyama, si kile cha mizinga). Anadai babu yake alirudi nayo kutoka Burma (Myanmar ya leo), kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mimi kanipiga 180,000, na hela hiyo nimeshaiaga. Naandika kwa ajili ya anayejiandaa kutuma.

Alinipata kirahisi kwa sababu babu yangu mzaa mama alikuwa keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la Waingereza huku kwetu. Kifaru huyo ndiye alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943 kwa vijana wa Kenya, Tanganyika, Uganda na Nyasaland (Malawi ya leo). Mwaka 1944 walipita Bonde la Kabaw katikati ya masika ya kule, tope magotini, malaria ikiwapukutisha, mpaka Desemba wakaingia Kalewa na kuvuka mto Chindwin. Jeshi lile lilichanganya Wahindi, Waingereza na Waafrika. Ukitazama bega la mtu ndipo unajua ni wa kwenu. Wenzetu wa Afrika Magharibi, Divisheni ya 81, walishonewa buibui, Anansi wa hadithi za bibi zao. Nilitaka kifaru wangu akae kwenye fremu pembeni ya picha ya babu.

Mzigo ulipofika nikaona ukingo umezungushiwa uzi mnene wa mashine kama beji za skauti wa leo. Nikachomoa uzi, nikauchoma. Ukayeyuka, ukaacha kidonge kigumu: poliesta. Pamba huungua ikawa majivu na kunuka karatasi. Nikaenda kwa wakala wa mtaani kuazima taa ya kukagulia noti. Kitambaa kikang'aa weupe wa bluu kama shati jipya. Ila taa isikudanganye peke yake, maana hata beji ya kweli ikifuliwa kwa sabuni ya unga ya siku hizi huweza kung'aa. Kama unayo ya mzee wako, usiifue kabisa.

Wiki mbili baadaye nikaiona picha ileile, doa lilelile la chai pembeni, jina la muuzaji jingine. Safari hii babu aliivaa kwenye vita vya Tanga, 1914!

Kabla sijalipa nilimwomba picha ya upande wa nyuma, akasema kamera ya simu imekufa. Nikakubali. Sasa ya mbele aliipiga na nini?