Tahadhari: fundi wa "diski imekufa" Kariakoo

Wakuu, salaam. Nimepigwa laki mbili, na kinachoniuma zaidi ni kwamba laptopu yangu haikuwa na ugonjwa wa kutibiwa Kariakoo. Duka silitaji kwa sababu madai yetu hayajaisha, ila mchezo wenyewe nauanika wote. Sidhani kama mimi ni wa kwanza, na sisi wenye Linux (mfumo wa kompyuta usio Windows) ni kitoweo rahisi: mafundi wengi hawaijui, na wachache wanaoijua wanajua kwamba wewe huijui.

Nina steshenari. Laptopu ya kazi ina Ubuntu, aina moja ya Linux. Mfumo umekaa kwenye SSD, diski isiyo na sahani, na pale palipokuwa na kisomeo cha DVD niliwekewa diski ya pili ya GB 500 ya kutunzia kazi za wateja. Jumapili moja nikaichomoa hiyo ya pili, nikamwazima shemeji akanakili video za harusi. Jumatatu asubuhi nawasha: kioo cheusi, maandishi meupe, saa inahesabu mpaka dakika moja na nusu, kisha ikasimama kwenye "You are in emergency mode". Nikaipiga picha kwa simu, hata sijui kwa nini. Wanafunzi wa kuprinti walishajaa mlangoni. Nikaitia laptopu kwenye begi, nikadandia daladala.

Fundi aliitazama chini ya dakika moja. Hakugusa hata kitufe. "Bosi, diski imeungua hii. Hizi Linux ndizo zinaua diski." Diski mpya ya GB 240 elfu 130, kuweka Windows elfu 20, kuokoa data elfu 50. Nikamuuliza kama data zitapatikana zote, akasema tumwombe Mungu. Haikupita saa moja akanikabidhi flashi, na kila kitu kilikuwemo, mpaka mafaili niliyokuwa nimeyasahau. Nikamwita mtaalamu, jamani. Nikamtumia hela kwa simu, na risiti akaniandikia kwa kalamu kwenye kipande cha karatasi, si ya EFD, ile mashine ya kodi.

Hapo ndipo nilipotakiwa kushtuka. Diski iliyoungua inatoaje kila faili bila kukosa hata moja? Diski inayokufa kweli hunakili kwa kusuasua, hukwama katikati, mafaili mengine hugoma kabisa, na mara nyingine inatoa mlio wa tik-tik kama ni ile ya sahani. Yangu ilitoa mzigo wote kama shule inavyotoa watoto saa ya kengele. Kwa hiyo nililipa elfu 50 ya "kuokoa" data kutoka kwenye diski nzima, kisha elfu 130 ya kuondolewa diski hiyo hiyo.

Nilipoomba ya zamani akasema bovu linabaki dukani, ndiyo utaratibu. Hapo sikukubali, maana humo mna vitambulisho vya watu, vyeti na mikataba ya kodi niliyoskani. Tulibishana mpaka majirani wa fremu wakageuka kutazama, ndipo akaitoa kwenye droo yake. Ukisahau mengine yote, hili lishike: diski yako usiiache, hata akiapa kwamba imekufa. Diski nzima iliyobaki kwake kesho ni "mpya" ya mteja mwingine, na data zako zimo ndani.

Usiku nikamtumia mpwa wangu anayesoma Dodoma ile picha. Akajibu: "Mjomba, mbona hii si diski kufa? Soma mstari wa juu." Kweli, uliandikwa "Timed out waiting for device", yaani muda umekwisha kifaa hakijaonekana, na chini yake "Dependency failed for /data". /data ndiyo diski niliyomwazima shemeji!

Nieleze alivyonieleza, maana hapa ndipo wanapotupigia. Linux ina faili moja la maandishi, /etc/fstab, lenye orodha ya partisheni (vyumba vya diski) zinazopaswa kupachikwa, yaani kuunganishwa na mfumo, wakati mashine inawaka. Kila mstari unaitaja partisheni kwa namba yake ndefu, UUID. Tangu Ubuntu 15.04 ya mwaka 2015 kazi ya kuamsha mfumo inafanywa na systemd, na yeye ni mtu wa kanuni: ulichoandika kwenye orodha lazima kipatikane. Anasubiri sekunde 90. Asipokiona anakataa kuendelea na kukuweka kwenye hali ya dharura, hata kama diski yenye mfumo ni nzima kabisa. Yanakupata hayo hayo ukifomati upya partisheni iliyo kwenye orodha, kwa sababu kuifomati kunaipa UUID mpya huku fstab bado ikiitafuta ya zamani. Kosa la herufi moja kwenye mstari pia linatosha.

Tukarudisha diski ya zamani, yeye akiniongoza kwa simu. Ubuntu yangu iliniambia nibonyeze Enter nikaingia. Kuna nyingine zinadai nywila ya root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo, na zingine zinagoma kabisa kwa kuwa root imefungwa, hizo utawasha kwa flashi yenye Linux. Nikaandika lsblk -f nikaona partisheni zilizopo na namba zake, kisha cat /etc/fstab nikalinganisha. Ya GB 500 ilikuwa kwenye orodha lakini kwenye mashine haipo. Nikaandika mount -o remount,rw / ili faili likubali kuhaririwa, nikafungua nano /etc/fstab, nikatia alama ya # mwanzoni mwa mstari ule, nikahifadhi, nikaandika reboot. Ikawaka. Dakika sita, na mbili kati ya hizo nilikuwa naitafuta # kwenye kibodi.

Baadaye tulipoirudisha ya pili tuliiondoa ile # na kuongeza nofail,x-systemd.device-timeout=10s kwenye safu ya nne ya mstari. Sasa shemeji hata akikaa nayo mwezi, systemd anaitafuta sekunde kumi tu, na mashine inaendelea na safari bila kuingoja. Ukihariri fstab, kabla hujazima andika findmnt --verify; inakuonyesha kosa mapema.

Sisemi diski hazifi. Zinakufa sana, hasa huku kwetu umeme unapokatika na kurudi. Lakini kifo kina ushahidi, mwambie fundi akuonyeshe. Kwa diski za SATA (aina ya muunganisho wa diski), amri ya smartctl -a /dev/sda inatoa rekodi ya diski yenyewe: Reallocated_Sector_Ct na Current_Pending_Sector, hesabu za sehemu zilizoharibika au zinazoshukiwa, zikiwa zimepanda, hapo kuna msiba, nakili data kwanza mambo mengine baadaye. Na ukitupwa kwenye alama ya (initramfs) ukaambiwa uendeshe fsck, amri ya kukagua na kurekebisha mpangilio wa mafaili, mara nyingi ni mpangilio wa mafaili uliovurugika baada ya kuzimika ghafla. Mwenye diski nzima anaendesha fsck na maisha yanaendelea. Mwenye diski inayoumwa asikimbilie fsck kabla ya kunakili, anaweza kuimaliza.

Diski yangu "iliyoungua" ilikuwa na sifuri kwenye zote mbili. Ndipo mpwa akauliza, na ile mpya je? Nikaichomeka kwa waya wa USB. Power_On_Hours, yaani masaa iliyowashwa: 17,800. Gawa kwa 24, ni siku 741. Miaka miwili imewashwa mchana na usiku, mimi nimeuziwa mpya. Nilipokumbuka vizuri, aliitoa kwenye mfuko wa nailoni, boksi sikuliona.

Tena namba hiyo inaweza kufutwa. Mwanzoni mwa 2025 Ujerumani kulikuwa na kelele za diski za Seagate zilizotumika kuuzwa kama mpya, masaa yamerudishwa sifuri. Waliogundua walisoma rekodi nyingine ya ndani iitwayo FARM, ambayo smartctl mpya inaisoma kwa -l farm. Kwa hiyo sifuri peke yake isikulaze usingizi. Wangu hakujisumbua hata kufuta.

Na kabla hujamkabidhi fundi yeyote mashine, andika lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL, piga picha namba za diski zako, na mwonyeshe kwamba umezipiga. Kama haiwaki, ifungue nyuma, namba ziko kwenye lebo ya diski.

Nimerudi kwake na ukurasa wa smartctl nimeuprinti, karatasi ninazo nyingi. Alisoma, akakohoa, akasema diski ilitoka kwa msambazaji. Akanirudishia elfu 80 na kusema iliyobaki nipitie Ijumaa. Kesho itakuwa Ijumaa ya tatu, na naenda na mpwa, yuko likizo.