Nyumba za mapumziko zenye farasi: kabla hujalipa, uliza kuni

Tangu likizo ianze, malalamiko yanayonijia ni ya namna moja. Bibi harusi wa Kizingo, hapa Mombasa, alipelekwa fungate bara, kwenye nyumba ya mbao iliyojitenga shambani, farasi nje, chakula cha sahani kubwa na tonge dogo. Ananiandikia: "Dada, chakula kizuri, farasi wazuri, lakini usiku tulilala na makoti na soksi." Mwengine wa Tudor alimchukua mamake kumpumzisha; mama alikesha akivuta uradi, na si kwa ucha Mungu peke yake, ni baridi ilimkatalia usingizi.

Kwa hivyo humu sitazungumzia bwawa la kuogelea, intaneti wala upana wa kitanda. Hayo yamo kwenye picha zao. Mimi nataka kuzungumza juu ya moto wa chumbani.

Swali la kwanza watu huniuliza: kwani lazima bara? Farasi wa mashambani, ndiyo. Vichaka vya Shimba Hills, hapa Pwani, vina mbung'o, na farasi akipata nagana, ugonjwa wanaoueneza, hadumu. Huku kwetu farasi utamkuta ufukweni. Ukitaka nyumba ya shamba, mandhari ya nyika na saa mbili juu ya tandiko, sharti upande juu. Nanyuki iko kama mita 1,950 juu ya usawa wa bahari, Naivasha karibu mita 1,900, na kwa kila mita 1,000 unazopanda joto hupungua nyuzi sita hivi. Sisi ambao usiku wa nyuzi 22 tunaomba shuka ya pili, tunaenda kulala mahali ambapo alfajiri ya Julai nyuzi 8 si habari.

Sasa sikiliza jinsi mambo yanavyokwenda. Kwenye nyumba hizi, mhudumu huja kuwasha moto wakati mnakwenda kula. Ndipo anapotandua kitanda, anafunga mapazia na kupanga magogo. Vizuri. Lakini chakula chenyewe ni cha kozi nne: supu, kitu kidogo, nyama, tamutamu, halafu kahawa. Mnaanza saa mbili, mnanyanyuka saa nne na nusu. Mkirudi chumbani, meko ya ukutani ina majivu na kigogo kimoja kinachofuka moshi, na kikapu cha kuni kitupu. Kadiri mpishi alivyo hodari ndivyo mnavyorudi kwenye chumba cha baridi. Na saa kumi na mbili na nusu asubuhi mnabishiwa hodi, farasi washatandikwa. Mwili uliokakamaa kwa baridi haukai juu ya farasi. Unang'ang'ania hatamu, farasi anakasirika, na safari mliyoilipia inageuka adhabu.

Kwa hivyo uliza haya. Moto unawashwa saa ngapi, na je, kuna mtu wa kuuchochea mkirudi kutoka mezani? Kuni ni kavu? Mkaratusi uliokatwa juzi hutoa moshi na kuchuruza maji kwenye ncha, wala hautoi joto. Kikapu kinajazwa tena bila kulipia? Na kitandani wanaweka chupa ya maji moto? Hii ya mwisho ndiyo kipimo changu. Mahali pazuri huiweka chini ya blanketi miguuni, imevishwa kitambaa, na huombi.

Halafu kuna jambo ambalo si la mzaha. Ukiambiwa "meko imeharibika, tutakuletea jiko la makaa chumbani", kataa. Makaa kwenye chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na watu hulala wasiamke. Heri makoti na soksi.

Nikianza kupanga, nambari moja ni Fairmont Mount Kenya Safari Club, Nanyuki, na sijifichi kwamba naipenda. Ilifunguliwa mwaka 1959 na William Holden, mwigizaji wa Marekani, pamoja na wenzake, na nyumba zake zilijengwa na watu waliojua kwamba huko kuna baridi: moto wa kuni umo vyumbani, si pambo la ukumbini. Mstari wa ikweta unapita uwanjani mwake, farasi wako hapo hapo, na Mlima Kenya unauona asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Kutoka Mombasa panda treni ya asubuhi Miritini hadi Nairobi, halafu barabara ya kilomita 200 hivi. Ni mwendo wa kutwa; usikubali kupangiwa farasi jioni ya siku ya kufika.

Ya pili ni Borana, hifadhi ya Laikipia. Hapa farasi ndiyo hoja yenyewe. Vifaru walirudishwa Borana mwaka 2013, na mwaka uliofuata uzio kati yake na hifadhi jirani ya Lewa ukaondolewa, kwa hivyo unapanda kwenye ardhi pana yenye pundamilia na vifaru, si kuzungushwa uwanjani na kijana aliyeshika kamba. Moto chumbani upo. Ningeiweka ya kwanza kwa mpanda farasi anayejua kazi, lakini wengi wanaoniuliza hawajawahi kupanda hata punda wa Lamu.

ol Donyo, kwenye vilima vya Chyulu, ni ya tatu, na hapa najua nitagombana na watu. Ndiyo iliyo karibu nasi zaidi kwenye ramani, Kilimanjaro iko mbele yako, ndovu wanakuja kunywa maji chini ya nyumba, na farasi ni wa hali ya juu. Lakini sifa yake kubwa ni kitanda juu ya paa, ulale ukihesabu nyota. Mimi wa Mombasa, nilipe pesa zile nipelekwe kulala nje kwenye upepo? Anayetaka aende. Achukue kofia ya sufu.

Naivasha, Sanctuary Farm ni nzuri kwa mwenye watoto. Unapanda katikati ya twiga na pundamilia, na ni safari fupi kutoka Nairobi. Usiku usitembee ovyo. Viboko hutoka ziwani kula nyasi.

Na wasio na bajeti? Kuna farasi wa ufukweni Diani, saa moja, unarudi kulala kwako.

Kuhusu chakula, kila mmoja wetu huuliza kama nyama ni halali na kuridhika. Uliza mchuzi. Rojo nyingi za namna hii huwekwa divai, na tamutamu zinazotetemeka huwekwa gelatini. Mpishi mzuri hakasiriki, anataka tu kuambiwa jana yake. Na kina dada, chini ya helmeti funga kitambaa chembamba cha pamba. Mtandio wenye pini utakuchoma kichwa chote.

Sasa bei, maana hapa ndipo damu inaponichemka. Wakala mmoja wa hapa mjini alinitajia bei kwa dola. Mimi, Mkenya, kitambulisho mkononi, dola. Nilipoulizia bei ya mkaazi, yaani ya sisi tunaoishi nchini, akaniambia imekwisha, kana kwamba ni mkate. Nikakubali nisikie jumla. Kumbe bei ile ni ya kichwa kimoja, si ya chumba. Juu yake VAT asilimia 16, ushuru wa utalii asilimia 2, ada ya hifadhi kwa kila usiku, gari la kukuchukua, na farasi "malipo ni huko huko". Huko huko! Unauza nyumba ya farasi, halafu farasi yuko nje ya bei. Nilipomuuliza kama chumba kina moto, akanitumia picha ya bwawa.

Mwandikie mwenye hoteli mwenyewe, kwa baruapepe ibaki maandishi. Mwombe bei ya mkaazi kwa shilingi, kodi zote zikiwa ndani, saa ngapi za farasi kwa siku na uzito wa mwisho wa mpandaji wanaoukubali. Aprili, Mei na Novemba wengi hushusha bei kwa sababu ya mvua. Lakini mvua ndiyo inayolowesha kuni, kwa hivyo muulize pia zinahifadhiwa wapi.