Balbu za mwanga wa mchana: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mimi ni fundi cherehani na kazi zangu nyingi huzimalizia usiku. Mwaka mmoja, wiki ya kufungua shule, nilishona sketi sita za sekondari za bluu iliyokolea. Asubuhi nilipozitoa nje nikakuta mbili nimezipinda kwa uzi mweusi. Usiku, chini ya balbu yangu, uzi ule na kitambaa vilikuwa rangi moja kabisa. Nikafumua pindo zote huku mzazi amesimama mlangoni. Balbu ile niliuziwa kwa jina la "nyeupe", na kweli ilikuwa nyeupe. Ila weupe peke yake hautoshi, na wengi wetu dukani hatuulizi zaidi ya hapo.

Geuza boksi usome namba. Ile yenye herufi K mwishoni ni rangi ya mwanga. 2700 ni njano ya balbu za zamani za waya. 4000 ni nyeupe tulivu. 6500 ni nyeupe inayoelekea bluu, kama mchana wa mawingu, na hiyo ndiyo maboksi mengi huiita "Daylight". Kuna kampuni zinazoandika neno hilohilo kwenye 5000, kwa hiyo fuata namba, usifuate jina.

Namba ya pili ndiyo iliyoniponza: Ra, au CRI. Inaonyesha balbu inatoa rangi za vitu kwa uaminifu kiasi gani, na kipimo cha juu kabisa ni 100. Chini ya 80 bluu iliyokolea na nyeusi huanza kufanana, na kahawia na zambarau nazo zinakuchanganya. Kwenye enaji seva, zile balbu za floresenti zenye tyubu iliyokunjwa, mambo haya mawili hufupishwa kwa tarakimu tatu, mara nyingi shingoni mwa balbu. 865 maana yake Ra ni 80 na kitu, rangi ni 6500. 827 ni ya njano. Ukiona 765, rangi ya mwanga ni ileile ya mchana lakini uaminifu umeshuka hadi sabini na kitu. LED nyingi huandika Ra kwenye boksi. Isiyoandika kabisa, mimi siichukui.

Kisha lumeni. Wati ni umeme inaokula, lumeni ni mwanga unaoupata. Balbu ya zamani ya wati 60 hutoa lumeni 800 hivi. Enaji seva hufika hapo kwa wati 14 au 15, LED kwa wati 9 hivi. Boksi la wati 9 likidai ni sawa na wati 150 za zamani, lirudishe kwenye rafu.

Sasa mpangilio wangu.

Ya kwanza ni LED ya wati 9 hadi 12, 6500, Ra 80 kwenda juu. Hesabu ya LUKU inaeleza yenyewe: taa moja ikiwaka saa 5 kila usiku kwa siku 30, balbu ya zamani ya wati 60 inakula uniti 9, enaji seva ya wati 15 inakula 2.25, na LED ya wati 9 inakula 1.35. Inawaka papo hapo na haina zebaki. Adui yake ni joto. Ukiifungia ndani ya kava la kioo lisilopitisha hewa, vifaa vya shingoni huungua mapema kuliko saa zilizoandikwa kwenye boksi. Mtaani kwetu umeme hushuka jioni watu wote wanapowasha, kwa hiyo natafuta iliyoandikwa volti 85 hadi 265. Iliyoandikwa 220 hadi 240 peke yake huanza kuhangaika.

Kuna jambo moja zaidi ambalo fundi, kinyozi na mtu wa saluni wanapaswa kulikagua: kupepesa. Elekeza kamera ya simu kwenye balbu inayowaka, karibu kabisa. Ukiona mistari ya giza inatembea kwenye kioo cha simu, mwanga unazimika na kuwaka haraka kuliko jicho linavyoweza kushika. Chini ya taa ya namna hiyo sindano inayokimbia inaweza kuonekana kama inakwenda taratibu, na kidole kiko pale pembeni. Kwa kazi ya rangi ongeza pesa upate Ra 90, hata kama ni 5000 badala ya 6500. Uaminifu wa rangi ni bora kuliko weupe wa kupitiliza.

Ya pili ni tyubu ya LED ya futi 4, wati 18. Kwa duka, darasa au meza ya kukatia vitambaa mimi ningeipa hata nafasi ya kwanza, kwa sababu mwanga wake ni mrefu na mkono wako hauutupii kitambaa kivuli kizito. Ila ukiiweka kwenye fremu ya zamani yenye choki na stata, mwite fundi umeme. Tyubu hizi haziungwi zote kwa njia moja.

Ya tatu ni enaji seva yenyewe, 865, wati 15 hadi 20. Iliyo nzuri bado inatoa rangi vizuri. Inafaa mahali taa inapowaka saa nyingi mfululizo. Usiipeleke chooni: inachukua dakika moja au mbili kufikia mwanga wake kamili, na kuiwasha na kuizima kila mara kunaifupishia maisha. Ndani yake kuna miligramu chache za zebaki. Ikivunjika, fungua madirisha, watoe watoto kwa dakika 10, kisha okota vipande kwa karatasi ngumu, vumbi ulinase kwa selotepu, na kila kitu ukitie kwenye kopo lenye kifuniko. Usifagie. Na usinunue za kuweka akiba. Chini ya Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kupunguza zebaki, nchi wanachama zilikubaliana mwaka 2022 kwamba enaji seva za wati 30 kushuka chini zisitengenezwe wala kuingizwa nchini baada ya 2025, na mwaka 2023 zikakubaliana floresenti zilizobaki zifuate hadi 2027. Nchi za Afrika zilikuwa miongoni mwa waliolipendekeza jambo hili, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote.

Ya nne ni balbu ya chaji. Umeme ukikatika inakuokoa, lakini ikitumia betri mwanga hupungua sana. Weka moja jikoni, basi.

Mwanga wa mchana usiupeleke kila mahali. Chumbani kwa kulala weka 2700, maana mwanga wenye bluu nyingi unachelewesha usingizi. Barazani pia, la sivyo mvua za kwanza zikinyesha utawakaribisha kumbikumbi wote wa mtaa.

Ukienda dukani, jua kwanza holda yako ni ya pini au ya kuzungusha. Mwombe muuzaji awashe balbu, isubiri dakika mbili, kisha angalia rangi chini yake. Mimi hubeba nyuzi mbili kwenye pochi, nyeusi na bluu ya shule, nimezifunga pamoja fundo moja. Nikishindwa kuzitofautisha, narudisha balbu. Nikizitofautisha nalipa, naomba risiti, na nikifika nyumbani naandika tarehe shingoni kwa kalamu ya maka kabla ya kuifunga.